Kikaango cha Mama Kwenye Foleni

Nchi yetu ni nchi nzuri sana, na asiyeamini asome ubao mkubwa ulioko njia ya kutokea uwanja wa ndege. Jina la nchi siliandiki hapa. Nilikwenda kuomba kibali cha kuliandika, nikaambiwa fomu zimekwisha na aliyekwenda kuchapisha nyingine hajarudi.

Tuna hospitali moja ya saratani, daktari mmoja wa saratani, na mtambo mmoja wa mionzi. Mtambo umefunikwa kitambaa cheupe kilichodariziwa maua, usiingie vumbi mpaka siku ya kuzinduliwa. Umeshazinduliwa mara tatu. Kila ukizinduliwa hukatwa utepe, hupigwa picha, kisha hufunikwa tena, maana viongozi wetu ni watu wanaopenda usafi.

Mama yangu anaitwa Bi Mwanakombo, anauza vitumbua mtaa wa Kisima Kikavu. Mimi ni Siwema, mwanawe wa pekee. Niliishia darasa la tano nikabaki nyumbani kuloweka mchele na kuchochea moto, na tangu hapo niliozoea kuzungumza nao ni mama na vitumbua. Mbele ya watu wengine sauti yangu hukaa kooni, haishuki wala haipandi.

Siku moja mama aligusa titi lake la kushoto akakuta kitu. Sisi vipimo vyetu ni vya jikoni, kwa hiyo tulikipima hivyo: ilikuwa punje ya iliki. Tulipofika kwa Daktari Mbaruku ilikuwa karanga. Daktari, mtu mpole mwenye miwani iliyofungwa uzi, alimwekea mama dripu ya kwanza. Uvimbe ukanywea ukarudi kuwa iliki. Akatuambia dripu ni sita, na kati ya moja na nyingine ni siku ishirini na moja. Zikizidi, ugonjwa unapata nafasi ya kupumzika na kula vizuri.

"Tafadhali msichelewe," akasema.

Mama aliyashika maneno hayo kuliko anavyozishika sala zake. Kila asubuhi alichora mstari wa mkaa ukutani juu ya jiko. Mistari ilipofika ishirini na mmoja, tukaenda.

*

Hapo hospitalini palikuwa na desturi ambayo wagonjwa waliibuni wenyewe. Mtu anayeumwa vile hawezi kusimama toka asubuhi mpaka adhuhuri, basi kila mmoja aliweka chini kitu chake kumshikia nafasi, akaenda kuegemea ukuta. Waliweka kofia, chupa ya maji, kandambili, kipande cha tofali. Foleni ikisogea, yule aliyeamka na nguvu siku hiyo alivisogeza vitu vyote kwa mguu, kimoja kimoja. Hapakuwa na msimamizi, na hakuna aliyeporwa nafasi yake.

Mama aliweka kikaango chake cha vitumbua, kile cha chuma chenye vishimo saba, cheusi kwa mafuta ya miaka kumi na tisa. Nilimnong'oneza tuweke kandambili kama wenzetu. Akasema kandambili mtu ataivaa kwa bahati mbaya, lakini kikaango kile atakayekibeba ataonekana kwa mikono na nguo zilizochafuka.

Mbele yetu palikuwa na jiwe la Mzee Pandu Makame, mpiga tarumbeta mstaafu wa bendi ya polisi. Saratani ilimkaa kooni, pale pale ilipokuwa ikipita riziki yake. Jiwe alilitoa nyumbani, ndilo lililokuwa likizuia mlango. Alituambia kwa sauti ya mchanga kwamba tangu aliondoe, mlango unabamiza kutwa, na mkewe anasema sasa nyumba ndiyo inayopiga ngoma. Mimi aliniita mchumba.

"Mchumba," alisema siku ya kwanza, "huyu mama yako kaleta kikaango. Mimi ningejua tunaruhusiwa vyombo ningeleta kitanda."

Tulingoja siku hiyo, daktari hakuita mtu. Tuliambiwa yupo ndani anajiandaa. Kesho yake ikawa hivyo hivyo.

*

Siku ya tatu alikuja Mheshimiwa Waziri wa Afya kuzindua mtambo, na huo ndio ulikuwa uzinduzi wa tatu. Alikuwa ametoka ng'ambo kutibiwa kikohozi. Redio ilieleza kwamba huko alipokelewa saa ile ile aliyofika, akapimwa kabla ya kumaliza kukohoa, na jambo hilo lilimsikitisha, kwa sababu taifa lisilo na foleni halina mahali pa kupimia uvumilivu wa wananchi wake.

Baada ya kukata utepe alitoka nje akaiona foleni yetu: vitu mia mbili na kumi na mbili vimenyooka kutoka mlangoni mpaka kwenye mti wa mwarobaini, kimya. Sisi wenyewe tulikuwa ukutani hakutuona. Alisimama muda mrefu. Wasaidizi wake wanasema machozi yalimlenga.

"Hii ndiyo foleni niliyoiota tangu niapishwe," akasema. "Itazameni. Haikohoi. Hailali sakafuni. Haiulizi daktari yuko wapi. Ndugu zangu, tumekuwa tukihangaika kuwapunguza wagonjwa, kumbe wa kuondolewa kwenye foleni ni watu."

Wiki haikuisha ukatoka Mwongozo wa Foleni Tulivu. Kuanzia siku hiyo kilichoruhusiwa kupanga foleni ni kitu. Mtu akionekana kwenye mstari atahesabika kuwa mkorofi. Kitu kitaandikishwa, kitaingia kwa daktari, kitatoka na kadi, na mwenye kitu ataifuata kadi dirishani.

Akateuliwa pia Msimamizi Mkuu wa Foleni, Bwana Ngwali, mrefu, glavu nyeupe mikononi na futi ya fundi cherehani shingoni. Kila asubuhi alipima nafasi kati ya kitu na kitu, halafu akaihutubia foleni.

"Waheshimiwa mawe," alianza, "ndugu chupa, ndugu viatu vya jozi na visivyo vya jozi. Serikali inatambua mchango wenu."

Fomu ya kuandikisha vitu ilikuwa ile ile ya watu, ila neno mgonjwa lilifutwa kwa rula. Iliuliza umri, dini na hali ya ndoa. Mama ni mjane, kwa hiyo kikaango kikaandikwa mjane, umri miaka kumi na tisa. Karani alitutazama kwa huruma akasema mapema mno kufiwa.

Kwa siku vilihudumiwa vitu vitano. Vingeweza kuzidi, lakini Bwana Ngwali alisema haraka huharibu mstari.

*

Tukawa tunakwenda kila siku kukaa ukutani kukiangalia kikaango. Mistari ya mkaa ilifika arobaini, iliki ikarudi kuwa karanga. Ilifika sitini, mama akaanza kulalia ubavu mmoja. Hakulalamika. Aliniambia tu nimsaidie kupitisha mkono kwenye gauni, huku akitazama pembeni kama mtu anayesikiliza mlango wa jirani.

Redio ilitoa takwimu. Tangu mwongozo uanze, wagonjwa mia moja na themanini walikuwa wameonwa na hakuna aliyefariki. Wageni walikuja kujifunza, wakapiga picha kipande cha tofali.

Mzee Pandu alizidi kupungua. Koti lake la bendi likawa linakaa peke yake, yeye yumo ndani kama mgeni. Siku moja aliniita karibu, sauti ikiwa imekwisha karibu yote.

"Mchumba, jiwe langu likiitwa kabla sijaja, wewe itika. Lisionekane halina mwenyewe."

Nilitikisa kichwa kukubali. Yeye akatikisa kichwa kukataa, akasema anataka kusikia nikisema, maana siku zote nilizokaa pale hajajua kama nina meno. Nilifungua mdomo, hakikutoka kitu. Akacheka mpaka akashika koo.

Tulimzika siku ya sabini na moja. Jiwe lake liliitwa siku ya sabini na nane.

"Pandu Makame, jiwe," akasoma Bwana Ngwali.

Nilisimama. Nilijua ahadi yangu. Lakini watumishi wawili wenye glavu walikuwa wameshalinyanyua jiwe kwa heshima wakaingia nalo, na mimi nikabaki nimesimama na mdomo wazi. Dakika tano, likatoka na kadi. Mjane wake alikuwapo, akanipa nimsomee, nikasoma polepole: Ameonwa. Hali imara. Hana maumivu. Arudi baada ya miezi mitatu.

Bibi yule aliomba basi arudishiwe jiwe lake akazuie mlango. Bwana Ngwali akamwambia kwa upole kwamba haiwezekani, jiwe linaendelea na matibabu, na watumishi wakalirudisha mstarini.

*

Kilichofuata kilikuwa kikaango. Mtumishi wa kwanza alikishika akakiachia. Wa pili alitazama glavu zake, zilikuwa kama zimetoka gereji. Bwana Ngwali akaja mwenyewe, akakinusa, akafungua mwongozo ukurasa kwa ukurasa. Glavu ni mali ya serikali na kuzichafua ni kosa. Kitu kisipoingia, mstari unasimama, nalo ni kosa. Alitokwa na jasho. Mwisho akasema, na ninaamini ilimuuma, kwamba mwenye kikaango akiingize mwenyewe, asiseme kitu, atoke.

Mama miguu ilikuwa imemvimba. Akanisukuma mimi.

Basi nikawa mtu wa kwanza asiye na glavu kuingia chumba kile tangu mwongozo utoke. Daktari alikuwa amekaa nyuma ya meza, amenipa mgongo kidogo, kaelekea dirishani. Nilipiga magoti kidogo nikasema moyoni, shikamoo. Hakuitikia, nami nikaona ni haki yake, maana sikuwa nimeisema kwa sauti. Nilisimama na kikaango kichwani. Nikangoja. Feni ilizunguka. Kitambo kirefu kikapita, kisha daktari akainua mkono mmoja akaushusha, kama anayesema sogea. Nikasogea.

Lilikuwa koti. Koti jeupe limevishwa kiti, kipimo cha kusikilizia mapigo kimening'inizwa kwenye kola, na feni ikiupepea mkono wake. Miwani iliyofungwa uzi ilikuwa mezani juu ya daftari. Kumbe daktari naye alikuwa amefanya kama sisi. Aliweka kitu chake kumshikia nafasi, akaenda.

Kwa hiyo wiki zote zile jiwe lilikuwa likipimwa na koti.

Chini ya miwani palikuwa na karatasi. Maandishi ya madaktari ni magumu hata kwa waliomaliza shule, lakini haya yaliandikwa makubwa, kama ya mtu anayetaka kusomwa: Nipo Wizarani nafuatilia saini ya dawa. Narudi baadaye kidogo. Mbaruku. Tarehe yake ilikuwa siku tatu kabla ya sisi kuja kwa dripu ya pili.

Mtumishi wa mlangoni alinyoosha mkono na kadi iliyokwisha kuandikwa. Ilisema kikaango hakina uvimbe.

Sikumwambia mama. Nilimwambia nakwenda kukisugua kikaango, nikatoka nacho kichwani, nikaenda Wizarani.

*

Wizara yetu ina korido ndefu kuliko zote katika nchi, hilo limepimwa. Kwenye benchi la mwisho alikaa Daktari Mbaruku, ndevu zimefika kwenye fundo la tai, akikodolea mlango wa Waziri macho yasiyo na miwani. Alinitambua kwa kikaango. Alisema alipewa vitumbua ndani ya chombo hicho siku ya dripu ya kwanza.

"Wewe ni wa Bi Mwanakombo," akasema. "Dripu ya pili ilikwendaje?"

Nilitazama vidole vyangu vya miguu. "Hajawekewa, daktari. Leo siku ya sabini na nane."

"Uvimbe?"

"Ndimu."

Alifumba macho. Kisha akanieleza kwa kunong'ona, kwa sababu korido ile inataka utulivu. Dawa hazikuwa ng'ambo wala bandarini. Zilikuwa hospitalini, chumba cha tatu kutoka kwenye koti lake, zimefungwa lakiri mpaka Waziri atie saini. Mtu akibanduka kwenye benchi anarudishwa mwisho. Yeye alikuwa amerudishwa mara nne: alipokwenda kunywa maji, alipokwenda msalani, alipouliza swali, na alipopiga chafya ambayo katibu muhtasi aliisikia kama swali.

"Nikiinuka naanza upya," akasema. "Na nikirudi bila saini, mama yako nitamwekea nini? Nitamwekea maji ya chumvi nimshike mkono."

Sijui neno lile lilitokea wapi. Labda ni kwa sababu shingo ilikuwa inaniuma kwa uzito.

"Kwani lazima ukae wewe?" nikamuuliza, nikakitua kikaango kwenye benchi.

Alikitazama. Akanitazama. Kisha daktari mmoja pekee wa saratani katika nchi yetu akavua tai yake, akaifunga kwenye mpini, akakining'inizia kitambulisho chake, akaiweka karatasi ya maombi katikati ya vishimo saba. Tuliondoka kwa kunyata. Nilipogeuka nyuma, katibu muhtasi alikuwa amekitupia jicho mara moja, akaandika kwamba yupo.

*

Hospitalini Bwana Ngwali alimzuia daktari mlangoni. Alisema nafasi ya daktari ni moja na ina mtu, yuko kazini tangu asubuhi, hajatoka hata kula. Daktari akaomba kuzungumza faragha na huyo aliye kazini, akaingia, akalivaa koti. Alipotokeza, Bwana Ngwali alisimama wima, na kwenye daftari akaandika kwamba koti limenenepa.

Tatizo likabaki kwamba kinachoruhusiwa kuingia ni kitu. Nikamweleza mama kila nilichokiona, pale pale ukutani, kwa sauti ambayo hata mimi niliishangaa. Alinisikiliza mpaka mwisho. Hakulia. Aliuliza jambo moja, kama daktari kweli yumo ndani ya koti.

"Yumo, mama. Nimemwona vidole."

"Basi kimbia nyumbani ulete dumu la mafuta."

Lile dumu lilizunguka ukutani kutoka mkono hadi mkono kama kahawa ya msibani. Kofia zilipakwa, chupa zilipakwa, matofali yalinyweshwa mpaka yakang'aa. Asubuhi yake watumishi walipoinama kubeba, kitu cha kwanza kiliwaponyoka, cha pili kiliwaponyoka, glavu zikageuka rangi, na Bwana Ngwali, mikono kichwani, akatangaza kwamba kila kitu kitaingizwa na mwenyewe mpaka hapo serikali itakapopata sabuni.

Mwenye chupa akaingia na chupa yake. Mwenye kandambili akaingia akichechemea. Ndani, daktari aliweka vitu pembeni akawaambia watu wakae.

Aliita kwa mafaili yake ya zamani, mlango ukiwa wazi. "Pandu Makame," akaita.

Nilihisi sauti ikipanda, ikasimama pale pale inapokaa siku zote, nikadhani itanitupa tena.

"Abee," nikasema. "Amefariki, daktari. Jiwe lake ni hili."

Watu wote waligeuka kuniangalia, na mama pia. Daktari aliandika kwenye faili, akalifunga, akalishika kidogo kabla ya kuliweka upande wa pili wa meza. Jiwe nililipeleka mwenyewe kwa mjane jioni ile, limejaa mafuta, na alinieleza baadaye kwamba linazuia mlango kwa shida, linateleza.

Mama alipoingia alikaa nusu saa. Alitoka akaniambia daktari amesema bado inawezekana. Bado, lakini muda hauhesabiwi tena kwa mwezi, ni kwa siku.

*

Siku kumi zikapita. Mistari ya mkaa ukutani ilifika themanini na tisa, na mama akaacha kuichora mwenyewe, akawa ananielekeza kwa kidole.

Siku ile akaja tarishi wa Wizara kuuliza wapi anapatikana mtu wa kumbeba Daktari Mbaruku, kwani ameitwa na Waziri na anachafua mikono. Nikaenda. Wale wote waliokuwa mbele yake kwenye benchi walikuwa wamerudishwa mwisho: mmoja aliuliza, mmoja alisinzia, mmoja alisikika tumbo. Kikaango hakikuwa na kosa hata moja. Nilikibeba, tai ikining'inia, nikakiweka juu ya meza ya kioo, nikarudi nyuma hatua mbili, nikainamisha kichwa.

Mheshimiwa Waziri alikitazama muda.

"Umekaa hapa nje siku ngapi?" akauliza.

Kikaango kilinyamaza.

"Hataki hata kuzihesabu," Waziri akamwambia katibu muhtasi. Akakigeukia tena. "Una malalamiko yoyote kuhusu huduma za wizara yangu? Sema bila woga."

Kimya.

"Una swali? Maoni? Ushauri?"

Nilitamani kusema ndimu. Nilitamani kusema mama hawezi kupitisha mkono kwenye gauni. Nikaliuma neno lile kwa meno ambayo Mzee Pandu hakuwahi kuyaona, nikakaa kimya pamoja na kikaango.

Waziri aliinuka. Akazunguka meza, akakiwekea mkono begani, yaani kwenye ukingo, na alipouondoa aliutazama akaufuta kwenye pazia.

"Miaka sita nimezungukwa na wasomi," akasema. "Kila mmoja anajua tatizo. Kila mmoja ana takwimu. Leo nimempata mtumishi wa umma. Mzito, mtulivu, ana uzoefu wa moto, na ukimtazama ndani hakuna kilichofichwa. Kuanzia sasa huyu ni Mkurugenzi wa Huduma za Foleni wa nchi nzima."

Akachukua karatasi iliyokuwa kwenye vishimo na, bila kuisoma, akatia saini juu ya doa la mafuta. Niliinyofoa mezani taratibu, nikatoka kinyumenyume mpaka mlangoni, na toka mlangoni nikakimbia.

Lakiri ilikatwa mchana ule. Mama alipata dripu yake ya pili kabla hatujachora mstari wa tisini.

*

Sasa ndimu imerudi kuwa karanga. Mama anatapika, nywele zimemtoka, na anasema vitumbua vinanuka kama sabuni, lakini anataka kuvipika hata hivyo, kwa sababu mkono unapita kwenye gauni na hana kazi nyingine ya kuupa. Akanituma nikachukue kikaango chake.

Nilikwenda leo asubuhi. Ofisi ya Mkurugenzi ina zulia, bendera, na gari lake limeegeshwa chini likiwaka ili asichelewe. Nje ya mlango palikuwa na watu wengi wameketi: madaktari wa mikoani, wauguzi, mtu mmoja aliyebeba barua kuhusu mtambo wa mionzi, na Bwana Ngwali bila glavu. Wanasema tangu Mkurugenzi ateuliwe hajawahi kumkaripia mtu. Wanasema pia hajawahi kukataa jambo, na kwamba hilo limeleta matumaini makubwa.

Nilimwambia katibu muhtasi, kwa sauti yangu mwenyewe na akanisikia mara ya kwanza, kwamba nimekuja kukichukua kikaango cha mama yangu.

"Mkurugenzi yuko kwenye kikao," akasema. "Panga foleni."

Nikatazama saa ya ukutani. Nikavua kandambili yangu ya kushoto, nikaiweka nyuma ya mtu wa mwisho, nikaielekeza mlangoni. Kisha nikaondoka, mguu mmoja una kiatu na mmoja hauna, maana mistari ya mkaa ilikuwa imefika tena ishirini na mmoja, na mama alikuwa ameshajitanda kanga, amekaa kizingitini ananingoja.